Homa ya kupe nayo ichunguzwe Kanda ya Ziwa

Mhariri,

Mimi ni mfugaji wa Magu. Kijana wangu alishikwa na homa kali. Kipimo kikaonyesha hana malaria, akapewa dawa ya malaria hivyo hivyo. Pajani alikuwa na kidonda chenye gamba jeusi, pale alipoumwa na kupe. Hakuna aliyekiangalia, na hilo linaniuma.

Kidonda cha namna hiyo ni dalili ya homa ya kupe, inayoletwa na bakteria wa riketsia. Najua kuwachunguza ni kazi ngumu: huzaliana ndani ya seli hai tu, na ni hatari hata kwa mtafiti. Howard Ricketts, ambaye jina lake ndilo walilopewa, alikufa mwaka 1910 huko Mexico kwa taifasi, homa nyingine inayoletwa na riketsia, akiwa anaichunguza.

Lakini watafiti huko Moshi walifuatilia. Kati ya wagonjwa wa homa waliolazwa mwaka 2007 na 2008, zaidi ya nusu waliandikiwa malaria, ilhali wenye malaria kweli hawakufika asilimia 2. Riketsia ilikuwamo kati ya vyanzo halisi vya homa hizo.

Watafiti wa Mwanza, njooni minadani mchukue kupe na damu zetu. Ng'ombe tutawashikia. Doksisaiklini, dawa yenyewe, si ghali.

Mfugaji,
Magu, Mwanza