Barua ya wazi kwa vijana wa viunzi

Wajukuu zangu mnaokimbia mita 400 kuruka viunzi,

Nasikia mnagombania njia za kukimbilia uwanjani. Kila mmoja anaitaka ya nne au ya tano, na anayepangiwa ya kwanza huwa ameshashindwa kabla bastola haijalia. Hebu tulieni kidogo mnisikilize.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, polisi mmoja kutoka Uganda alisimama kwenye njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa ambako kona zimejikunja kuliko kwingine kote. Ni John Akii-Bua, kijana wa Lango, kaskazini mwa Uganda. Katika fainali hiyo alikuwemo David Hemery wa Uingereza, bingwa mtetezi na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Akii-Bua alimaliza kwa 47.82. Hakuna binadamu aliyewahi kushuka chini ya sekunde 48 kabla yake, na Uganda haikuwa imewahi kupata dhahabu ya Olimpiki. Kisha mwaka 2015, Beijing, Nicholas Bett wa Kenya akapewa njia ya tisa, ya nje kabisa. Akawa bingwa wa dunia kwa 47.79. Sasa niambieni, hiyo njia ya kati mnayoililia ina nini?

Liacheni suala la njia, tuzungumze miguu. Mnajua kwamba kutoka mwanzo hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45, halafu kila baada ya mita 35 kuna kingine, mpaka vitimie 10. Ukipiga hatua 13 kati ya viunzi, mguu unaotangulia kuvuka kiunzi ni uleule. Ukipiga 14, mguu huo unabadilika kila kiunzi. Mwanzoni mna nguvu na hatua ni ndefu. Kufika kiunzi cha sita au cha saba, miguu inakuwa mizito na zile 13 hazitoshi tena. Mwenye mguu mmoja tu wa kutangulia hana budi kurukia 15, na hapo ndipo mnapoanza vile vihatua vifupi vya kuhangaika mbele ya kiunzi, mbio zote zikaishia hapo. Akii-Bua aliweza kutangulia na mguu wowote. Kocha wake, Malcolm Arnold, alimfanyisha mazoezi akiwa amevaa fulana yenye uzito, akiruka viunzi virefu kuliko vya mashindano.

Ninyi mguu dhaifu mnaukumbuka mwisho wa mazoezi, mkiwa mmeshachoka. Huko ni kuuonea. Uanze huo, mwili ukiwa mpya, kwa viunzi vya chini, kwanza kwa kutembea.

Kuna jambo jingine, na hili wazazi wenu nao walisome. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Msimamo ulikuwa wa haki, sina ugomvi nao. Lakini Akii-Bua hakukimbia, na Edwin Moses akashinda kwa 47.64, rekodi mpya. Tena huko nyumbani Walangi, watu wa kabila lake la Lango, walikuwa wakiandamwa na utawala wa Amin. Mwaka 1979 bingwa wa Olimpiki alikimbilia Kenya, akajikuta kambini pamoja na wakimbizi wengine, hadi kampuni ya viatu ya Puma ikamsaidia kufika Ujerumani. Moscow, mwaka 1980, hakufika fainali.

Baadaye alirudi Uganda, akarudi polisi, akafundisha riadha. Alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 47 tu. Kazi aliyokuwa nayo kabla ya medali ndiyo aliyoirudia. Kwa hiyo anayewaambia muache shule kwa kuwa mna kasi, muulizeni atawalisha nani siku mkivunjika kifundo. (Mawakala wa aina hiyo siku hizi ni wengi, na wote wana simu nzuri.)

Anayetaka nimwangalie mguu wa pili, aje mapema, kabla jua halijawa kali, na asije na saa ya kupimia muda. Kocha wenu akiona namwingilia kazi, naye aje.

Babu yenu wa viunzi