Kipimo cha chembe za sumaku si MRI

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe makala yenu ya sayansi iliyoeleza upigaji picha kwa chembe za sumaku kuwa ni aina mpya ya MRI, kile kipimo cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio. MRI husoma haidrojeni iliyomo katika maji na mafuta ya mwili, ndiyo maana huonyesha ubongo na misuli hata mgonjwa asipodungwa dawa yoyote. Kipimo cha chembe za sumaku hakiuoni mwili kabisa. Kinachoonekana ni chembe za oksidi ya chuma, zenye ukubwa wa makumi ya nanometa, zilizoingizwa kwenye mshipa. Zisipokuwepo, picha ni giza tupu. Mtambo hutengeneza uga sumaku (eneo lenye nguvu ya sumaku) mkali ambao huachiwa nukta moja tulivu: chembe zilizo nje ya nukta hiyo hubanwa zisiweze kugeuka, na zile zilizomo ndani pekee ndizo huitikia uga mwingine unaotikisika na kutoa ishara. Nukta ikihamishwa upesi, damu huonekana ikitembea. Bernhard Gleich na Jürgen Weizenecker wa maabara ya Philips, Hamburg, walilichapisha wazo hilo mwaka 2005, na mwaka 2009 zikatolewa picha za moyo wa panya hai ukidunda.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Katika miaka yangu ya chumba cha CT (picha za eksirei za vipande vya mwili), kabla ya kumdunga mgonjwa dawa ya kontrasti yenye iodini, inayoifanya mishipa ionekane pichani, nilikuwa naomba kwanza karatasi ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, kwa kuwa dawa hiyo hutolewa na figo. Nimewarudisha wengi waliokwisha kuvua shati. Chembe za chuma hupokewa na ini, na chuma chake huingia katika akiba ya mwili. Nchini Marekani dawa ya jamii hiyo, ferumoxytol, iliidhinishwa mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo hao hao.

Hata hivyo, picha isiyoonyesha mfupa wala nyama hulazimika kupachikwa juu ya ile ya CT au MRI ili daktari ajue mshipa uko wapi. Isitoshe, mtambo wa kutosha kichwa cha binadamu ulioelezwa na watafiti wa Hamburg mwaka 2019 ni wa utafiti. Nawasihi mchapishe sahihisho, kwani tangu makala itoke jirani zangu wawili wameniuliza hospitali gani inakitoa kipimo hicho, na mmoja wao ameahirisha CT aliyoandikiwa ili asubiri kipimo hicho.

Mteknolojia wa radiolojia mstaafu,
Tanga