Shukrani za familia kwa majirani na wote waliotoa damu

Sisi familia ya nyumba yenye geti la kijani, mwisho wa mtaa, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyeturudishia mama wa watoto wetu akiwa hai. Alitoka hospitali Jumatano jioni na anatembea mwenyewe, ingawa polepole. Mtoto, wa kike, hajambo. Nyinyi mliokesha nasi usiku ule mna haki ya kuisikia habari hii kutoka kwetu wenyewe, ndiyo maana naandika mimi mume wake.

Alijifungua Alhamisi saa tatu na nusu usiku, salama kabisa. Nilikuwa nimeshampigia mama mkwe kumpa habari njema. Haikupita nusu saa nikaona muuguzi anaingia mbio, wa pili nyuma yake, kisha daktari. Mlango haukufungwa vizuri. Nilimwona mkunga ameinamia tumbo la mke wangu analisugua kwa nguvu, jasho linamtiririka, huku akimwita, "Nijibu mama, usilale, nijibu." Baadaye nilielezwa kwamba kondo likishatoka, mfuko wa uzazi hujikaza wenyewe na kuibana mishipa ya damu. Wa kwake ulilegea. Wakampa dawa, wakaongeza nyingine, na damu haikukata. Shuka walilolitoa mle ndani sitalisahau.

Daktari akanifuata. Kundi la damu la mke wangu ni O hasi. Mwenye kundi hilo huweza kumpa karibu kila mtu, lakini akipungukiwa yeye, anatakiwa apate ya O hasi mwenzake, nao ni wachache. Benki ya damu ilikuwa na chupa mbili tu. Nikanyoosha mkono, nikaambiwa mimi ni B, yangu haimfai. Sijawahi kujiona mnyonge kama saa ile.

Shemeji yangu ndiye aliyewaandikia majirani, saa tano kasoro. Maneno hayakuzidi mstari mmoja: jirani yenu anavuja damu, anahitaji O hasi, njooni. Saa sita ilipogonga, mabenchi ya mapokezi yalikuwa yamejaa. Watu na kandambili zao, wengine na nguo za kulalia. Baba mmoja alikuja na watoto wake watatu wakubwa, wote wamekunja mikono ya mashati tangu mlangoni. Wengi hawakujua kundi lao, wakapimwa. Na walioambiwa si O hasi hawakugeuka kurudi nyumbani. "Chukueni tu," alisema mama mmoja, "kuna mwingine atakuja kuihitaji." Usiku ule mlitoa chupa kumi na tisa, na katika hizo za O hasi zilikuwa tatu.

Nilidhani damu ikitoka kwa mtu inaingia kwa mgonjwa papo hapo. Sivyo. Lazima ipimwe kwanza virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende, kisha ilinganishwe na ya mgonjwa. Kwa hiyo zile chupa tatu zilimfikia karibu na alfajiri, na ndizo zilizomsimamisha. Lakini aliyemvusha mke wangu kutoka saa nne mpaka alfajiri ni watu wawili nisiowajua, walioingia mahali siku fulani ya kawaida, bila kuitwa na msiba wowote, wakaacha chupa zao na kwenda zao. Hawajui kama damu yao ilitumika. Ndugu zangu, popote mlipo, ilitumika. Mungu awape umri mrefu, nanyi msikose wa kuwasimamia siku yenu ya shida.

Shukrani za pekee ziwaendee hawa wafuatao. Kijana wetu wa bodaboda wa kijiweni, ambaye alijua kundi lake kwa sababu hutoa kila muda wake unapofika. Alitoa, akapumzika kidogo, kisha akang'ang'ania kubaki mpaka kulipokucha, akikataa hata nauli. Mkunga yule, ambaye zamu yake iliisha saa mbili asubuhi na saa nne bado alikuwa kando ya kitanda. Na bibi wa nyumba ya jirani, aliyemchukua mwanetu mkubwa usingizini, akamlaza kwake siku sita, akamwogesha na kumpeleka shule. Bibi, hatuna cha kukulipa.

Tunawashukuru pia madaktari na wauguzi wote wa wodi ya wazazi, wataalamu wa maabara, mwenyekiti wa mtaa, mabalozi, walinzi wa usiku waliofungua geti, wazee wa msikiti waliotuombea baada ya swala ya alfajiri, wanamaombi wa kanisa waliokesha, kina mama wa kikundi, vijana wa mpira, walimu, wafanyakazi wenzangu, ndugu wa pande zote mbili, na wote mliotuma chochote.

Wapo mliokuja mkarudishwa: mnaonyonyesha, wenye kilo chini ya hamsini, mliokuwa kwenye dozi. Niliwaona mkitoka mmeinamisha vichwa. Tafadhali msijione hamkufanya kitu. Mlitoka vitandani kwa ajili yetu, na kwetu sisi mmehesabiwa pamoja na waliotoa.

Simu yangu ilizimika usiku ule na sikuiwasha mpaka Jumamosi. Waliopiga wasipate jibu, waliofika wakati nimelala sakafuni nisiwaone, na wote ambao sikuwataja hapa, naomba radhi kwa moyo wote. Si dharau. Ukinikuta njiani nisikusalimie vizuri, nikumbushe kwamba ulikuwepo, nami nitashukuru upya.

Kuna koti la bluu lilisahaulika kwenye benchi la mapokezi, lina funguo mbili mfukoni. Tumelifua. Mwenyewe apite nyumbani saa yoyote, mama mtoto anataka kumkabidhi kwa mkono wake.