Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani kuhusu programu za rejea za kitabibu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Afya Duniani,
Geneva.

Yah: Ombi la kuanzisha uthibitisho wa ubora kwa programu za simu zinazotumiwa na matabibu na wanafunzi wa udaktari

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni daktari ninayefundisha wanafunzi wa udaktari wodini, na ninakuandikia hadharani kwa sababu jambo ninaloliomba haliwezi kufanywa na hospitali moja, chuo kimoja wala nchi moja peke yake. Ninaomba Shirika lako lianze kuzikagua na kuzithibitisha programu za simu ambazo matabibu huzitegemea kutafuta dozi, kukokotoa vipimo na kuamua matibabu, kwa utaratibu unaofanana na ule ambao limekuwa likiutumia kuthibitisha chanjo tangu mwaka 1987 na dawa tangu mwaka 2001.

Sina ugomvi na simu. Kwa tabibu aliye peke yake katika zamu ya usiku, programu nzuri inafaa kuliko rafu nzima ya vitabu vilivyofungiwa maktaba, kwa kuwa inamwonyesha mwingiliano wa dawa kabla hajamwandikia mgonjwa, inamkokotolea uwezo wa figo, na inamkumbusha dalili za hatari ambazo uchovu umemsahaulisha. Kitabu cha mfukoni nacho kilikuwa na kasoro zake, ila angalau kilikuwa na ukurasa wa mbele uliotaja waandishi, mchapishaji na mwaka wa toleo, na mwanafunzi aliyeshika toleo la zamani alijulikana kwa kutazama jalada tu. Simu imeufuta ukurasa huo. Programu iliyoandaliwa na jopo la wataalamu na kupitiwa mara kwa mara, na programu iliyotengenezwa na mtu mmoja kisha ikatelekezwa, hukaa bega kwa bega katika duka lilelile la programu, zote zikiwa na nyota walizopewa na watumiaji ambao wengi wao hawana njia ya kujua kama dozi waliyoonyeshwa ilikuwa sahihi.

Suala la tarehe ndilo ningependa ulitazame kwanza, kwa kuwa linagusa moja kwa moja miongozo ya Shirika lako. Mwaka 2015, toleo la tatu la mwongozo wenu wa matibabu ya malaria lilibadilisha dozi ya sindano ya artesunate kwa watoto wenye malaria kali: mtoto mwenye uzito wa chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo badala ya miligramu 2.4, ili kiasi cha dawa kinachofika mwilini mwake kilingane na kile anachopata mtu mzima. Kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni miligramu 30 badala ya 24, maana yake ni kwamba mtoto mahututi anaweza kukosa moja ya tano ya dozi anayostahili kwa sababu tu programu iliyo mkononi mwa tabibu wake haijaguswa tangu mwaka 2014. Hakuna kitu kwenye skrini kitakachomshtua tabibu huyo. Namba 2.4 iliwahi kuwa sahihi, imeandikwa vizuri, na yamkini ndiyo aliyoikariri yeye mwenyewe chuoni.

Mfano wa dolutegravir, dawa ya kupunguza makali ya VVU, unatatiza zaidi, kwa kuwa mwelekeo uligeuka ndani ya muda mfupi. Mei 2018, takwimu za awali kutoka Botswana ziliashiria kwamba watoto wa wanawake waliotunga mimba wakiwa wanatumia dawa hiyo huenda walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za ubongo na uti wa mgongo, na tahadhari ikatolewa. Julai 2019, baada ya takwimu zaidi kuonyesha kuwa hatari hiyo ilikuwa ndogo kuliko ilivyohofiwa, Shirika lako likaipendekeza kuwa dawa ya kutangulizwa kwa watu wote wanaoishi na VVU, wakiwemo wajawazito na wanawake wanaoweza kushika mimba. Programu iliyohuishwa katikati ya tarehe hizo mbili na kuachwa hapo ingeendelea kumnyima mwanamke dawa iliyo bora, huku mtengenezaji wake akijisifu, kwa haki kabisa, kwamba aliihuisha baada ya habari za Botswana. Ndiyo maana maneno ya jumla kwamba programu imehuishwa hivi karibuni hayanitoshi. Kila kipengele cha matibabu kinapaswa kuonyesha kimetokana na mwongozo upi, toleo lipi, na lini mtaalamu alikipitia kwa mara ya mwisho. Tarehe ya kurekebisha rangi za skrini ni habari nyingine.

Vikokotoo vina hatari ya namna yake, kwani hutoa jibu moja tu, na jibu lililo katika namba huaminika upesi. Mwaka 2015, watafiti waliochapisha matokeo yao katika jarida la BMC Medicine walichunguza programu 46 za kukokotoa dozi ya insulini. Programu 31, yaani asilimia 67, zilikuwa na hatari ya kutoa dozi isiyofaa. 42 hazikuwa na ukaguzi wa namba zinazoingizwa. Na ni 14 tu zilizoweka wazi kanuni iliyotumika. Programu hizo zilikusudiwa kutumiwa hata na wagonjwa wenyewe, lakini kasoro zake ni zilezile ninazokutana nazo katika simu za wanafunzi wangu. Kikokotoo hukubali kwamba mtoto mchanga ana uzito wa kilo 32 badala ya 3.2 na kuendelea na hesabu bila kuuliza lolote. Kingine hutoa jibu kwa miligramu wakati mtumiaji anatarajia mililita, na kwa dawa kama paracetamol ya mshipani, ambayo huwa na miligramu 10 katika kila mililita, mkanganyiko huo huzidisha dozi mara kumi.

Hata pale hesabu inapokuwa sahihi, bado kuna swali la kanuni ipi imetumika. Uwezo wa figo hukokotolewa kwa kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, na pia kwa kanuni ya CKD-EPI iliyorekebishwa mwaka 2021 ili kuondoa kigezo cha rangi ya mtu. Majibu ya kanuni hizo hayalingani kwa kila mgonjwa, hasa wazee na watu waliokonda sana, na dawa nyingi zilipangiwa dozi kwa kufuata ile ya zamani. Ninapomuuliza mwanafunzi ametumia kanuni gani, jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba ametumia simu.

Isidhaniwe kwamba haya hutokea tu mahali penye usimamizi dhaifu. Nchini Uingereza, mwaka 2011, kampuni moja kubwa ya dawa ililazimika kuwaandikia madaktari waache kutumia kikokotoo chake cha simu cha kupima ukali wa ugonjwa wa baridi yabisi, baada ya kubainika kuwa kilitoa alama zisizo sahihi. Mwaka 2016, nchini humo humo, mamlaka ya udhibiti ilitangaza kuwa kikokotoo cha hatari ya magonjwa ya moyo kilichokuwa ndani ya mfumo wa kompyuta wa madaktari wa familia kilikuwa na hitilafu, na kwamba huenda hitilafu hiyo ilikuwapo tangu mwaka 2009. Ikiwa nchi yenye wakaguzi wengi kiasi hicho ilihitaji miaka kugundua, nchi isiyo na mkaguzi hata mmoja wa kazi hii itagundua lini?

Utaambiwa, Mheshimiwa, kwamba hili ni jukumu la mamlaka za kitaifa za dawa na vifaa tiba. Kwa sehemu ni kweli. Hata hivyo sheria nyingi zimeandikwa kwa ajili ya programu inayofanya kazi ya kifaa tiba, na programu ya rejea, ile inayoonyesha tu maandishi au jedwali la dozi, huangukia nje ya mipaka hiyo. Marekani, kwa mfano, haihesabu nakala ya kielektroniki ya kitabu cha tiba kuwa kifaa tiba, na sheria yake ya mwaka 2016 imeziweka kando programu za ushauri ambazo tabibu anaweza kuupitia mwenyewe msingi wa ushauri huo. Hoja hiyo ina mantiki yake, kwa sharti kwamba msingi huo upo na unaonekana. Programu nyingi ninazozizungumzia hazina cha kupitiwa.

Kuna pia swali la nani analipa. Programu nyingi za bure huendeshwa kwa fedha za matangazo ya kampuni za dawa, na mwanafunzi asiye na uwezo wa kulipia zile za gharama hukulia humo, akisoma habari ya dawa na tangazo la dawa katika skrini moja. Januari 2020, kampuni ya Practice Fusion ya Marekani, iliyokuwa ikiwapa madaktari mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za wagonjwa, ilikubali kulipa dola milioni 145 kumaliza mashauri ya jinai na ya madai, baada ya kukiri kwamba ilipokea malipo kutoka kwa kampuni ya dawa za afyuni ili mfumo huo uwatolee madaktari vikumbusho vilivyolenga kuongeza uandikaji wa dawa hizo. Kikumbusho kile kilionekana kama ushauri wa kitabibu wa kawaida. Sioni kwa nini jambo lililowezekana katika kompyuta ya hospitali lisiwezekane katika simu ya mfukoni, ambako hakuna hata anayetazama.

Ninachoomba kinafanana na kile mlichokwisha kukifanya. Uthibitisho wenu wa dawa si sheria ya nchi yoyote. Mtengenezaji huomba kwa hiari yake, hukaguliwa, na jina la bidhaa yake huingizwa katika orodha iliyo wazi kwa kila mtu. Mashirika yanayonunua dawa kwa wingi yalipoanza kuitegemea orodha hiyo, watengenezaji walipata sababu ya kujirekebisha. Programu za rejea zinaweza kufuata njia hiyo hiyo. Anayetaka kuingia katika orodha ataje waandishi na wanaomlipa, aonyeshe chanzo na tarehe ya kila pendekezo, aweke wazi kanuni ya kila kikokotoo na kukubali kijaribiwe kwa wagonjwa wa mfano, atenganishe matangazo na maudhui ya tiba, na ahakikishe kuwa sehemu ya dozi na dharura inafanya kazi bila intaneti. Hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu wanaoandika vigezo mara nyingi hukaa mahali ambapo mtandao haukatiki. Na programu iliyopita muda wake bila kupitiwa iondolewe katika orodha, tena kwa kutangazwa.

Shirika lako nalo lina kazi ya kufanya nyumbani kwake. Miongozo yenu mingi bado hutolewa kama majalada ya kurasa mamia, ambayo kila mtengenezaji huyasoma na kuyafupisha kwa namna yake, na hapo ndipo makosa mengi huingia. Mpango wenu wa SMART, ulioanzishwa mwaka 2021 ili mapendekezo yaandikwe kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuyasoma moja kwa moja, ndio jawabu sahihi, lakini unakwenda polepole mno. Ninaomba majedwali ya dozi yatangulizwe, kabla ya mambo yanayovutia zaidi. Kitabu chenu cha antibiotiki cha mwaka 2022, kinachozipanga dawa hizo katika makundi ya AWaRe (za kutumiwa kwanza, za kutumiwa kwa uangalifu, na za akiba), kimeonyesha kuwa mnaweza kuandika muhtasari mfupi wa kila ugonjwa unaosomeka kando ya kitanda cha mgonjwa. Leseni nayo itazamwe upya, kwani ile mnayoitumia tangu mwishoni mwa mwaka 2016 inaruhusu kunakili na kurekebisha kwa matumizi yasiyo ya biashara tu, na matokeo yake ni kwamba mtengenezaji wa kibiashara huona wepesi kuandika upya maneno yenu kuliko kuomba ruhusa ya kuyatumia yalivyo.

Kuhusu programu mpya zinazojibu maswali kwa akili mnemba, nitasema machache, kwa kuwa mwongozo wenu wa Januari 2024 umekwishaeleza hatari zake. Zinazidisha tatizo lilelile: jibu linakuja kwa lugha fasaha na ya kujiamini, bila toleo wala tarehe, na mara nyingine likiwa na chanzo ambacho hakipo. Kigezo cha kuonyesha chanzo kwa kila pendekezo kizihusu nazo bila msamaha.

Mkakati wa dunia wa afya ya kidijitali umeongezewa muda hadi mwaka 2027, na utakaofuata unaandaliwa sasa. Ninaomba uthibitisho wa programu za rejea uingizwe katika mkakati huo ukiwa na bajeti yake na kitengo chake, na kwamba kabla ya hapo Shirika lako lianze na kundi dogo: vikokotoo vya dozi za watoto, dawa za kuua vijidudu, na dawa za dharura za uzazi. Walimu wa wodini, wafamasia na wauguzi tuko tayari kuzijaribu programu hizo na kuwaletea taarifa za makosa tunayoyakuta, mradi pawe na mahali rasmi pa kuzipeleka.

Wako katika utumishi wa wagonjwa,

Daktari na mwalimu wa wanafunzi wa udaktari