Somo, chumvi iache jikoni

Mikindani, Mtwara
18 Januari

Somo yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Lindi. Huku hatujambo, mguu wa mama umepoa, na mvua imeshika kweli. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya kwanza kwa kicheko. Konokono wamekumalizia miche ya mchicha usiku mmoja, nawe unaniuliza umwage chumvi kiasi gani!

Chumvi iache jikoni. Mimi mwaka juzi nilizungusha kilo nzima kando ya tuta la bamia. Kweli, waliopita mwanzo walitoa povu wakafa. Usiku ikanyesha, chumvi ikashuka mizizini, bamia zikaungua ncha kama zimepitiwa na moto, na tuta lile halikunipa kitu msimu wote. Konokono hawakukaa siku tatu, wamerudi.

Sasa hivi dawa yangu kubwa ni tochi. Saa mbili usiku, mvua ikikatika, natoka na koleo la mkaa na kopo la maji ya sabuni. Mchana huwaoni, jua linawakausha, wamejibanza chini ya mawe, makuti yaliyooza na ndoo mbovu. Usiku wa kwanza niliokota 63, wakubwa wenye nyumba zao na hawa wadogo wasio na gamba, ambao ndio walafi zaidi wa miche. Usiku wa nne nikapata 11. Usiwashike kwa mkono mtupu, maana wanaweza kubeba minyoo inayopanda hadi kwenye ubongo wa mtu, na mchicha wenyewe uoshe vizuri. Ukichimbua ukakuta vimayai vyeupe kama punje za mbaazi vimelundikana, viponde. Wale wakubwa, mmoja hutaga zaidi ya 100 kwa mpigo.

Halafu hili la kumwagilia magharibi, somo, ndilo linalokuponza. Unawatandikia mkeka wenye unyevu saa ileile wanayotoka kutafuta chakula. Mwagilia alfajiri, udongo wa juu uwe umekauka jioni ikifika. Siku za mvua huna la kufanya, lakini mvua hapa kwetu haijawahi kunyesha mwaka mzima.

Sasa cheka nawe. Mwezi wa Desemba, mabibo yakiwa bado yamejaa, nilimtuma kijana wa jirani akaniletee nusu lita ya uraka. Uso alionitazama nao! Mimi na hijabu yangu, naagiza pombe ya mabibo mchana kweupe. Nikafukia makopo mawili ya maziwa kwenye tuta, midomo yake ikibaki juu ya udongo kiasi cha kidole ili wadudu wazuri wasiporomokee humo, nikamimina uraka hadi nusu. Asubuhi kopo moja lilikuwa na konokono tisa wamevimba, wamelala chali kama walevi wa sikukuu. Harufu ya uchachu ndiyo inayowavuta. Kama hutaki maneno ya watu, hamira na sukari kwenye maji ya uvuguvugu hufanya kazi hiyohiyo. Ila kopo huita wa karibu tu, shamba zima halilisafishi.

Majivu yanasaidia yakiwa makavu. Yakilowa ni uji, unaanza upya. Na yale maganda ya mayai uliyoniambia unayakusanya, wape kuku. Uingereza mwaka 2018 watu wa Royal Horticultural Society, chama cha wapenda bustani, waliyajaribu kwenye saladi pamoja na vizuizi vingine, na konokono wakala vilevile. Mimi nilikuwa nimeshaponda kapu zima!

Vidukari kwenye kunde ni kazi ya mwarobaini. Twanga mbegu kavu, gramu 50 kwa lita moja ya maji, zilale usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni ya mche kidogo ili ishike kwenye majani. Nyunyiza jioni, kwa sababu jua huivunja nguvu, na upige hadi chini ya jani ndiko walikojaa. Usitegemee uone maiti kesho yake. Mdudu anapoteza hamu ya kula na anashindwa kujivua ngozi akue, kwa hiyo rudia baada ya wiki.

Miche ikikatwa shingoni usiku na hakuna ute karibu, huyo si konokono, ni sota, kiwavi anayejificha udongoni. Fukua udongo hapohapo, utamkuta amejikunja. Kata chupa za maji vipande, vishe kila mche pete yake.

Na mwambie shemeji salfa iliyobaki ya kupulizia mikorosho asiimwage kwenye mchicha. Inafaa ukungu na utitiri, konokono haiwahusu, na jua likiwaka inaunguza majani.

Mbegu za mwarobaini nimekuokotea kiroba kidogo. Anakuja nazo binamu yangu Jumamosi kwa basi la asubuhi, mpokee stendi. Zimalizie kukauka kivulini, usizianike juani, na usizifungie kwenye kitu kisichopitisha hewa, zitaota ukungu. Kiroba nirudishie, na ukinitilia ng'onda ndani sitakasirika.

Ni mimi,
somo yako