Barua ya wazi kwa Rais wa Olimpiki: Wasimulieni vijana wa Dakar habari za Arthur Wint

Kwa Bi. Kirsty Coventry,
Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki,
Lausanne.

Mheshimiwa Rais,

Nina ombi moja, na nalitanguliza usije ukachoka kabla ya kulifikia. Michezo ya Olimpiki ya Vijana ikifanyika Dakar, kila kijana atakayekuja kushindana asimuliwe maisha ya Arthur Wint, mkimbiaji wa Jamaika. Nasema maisha, maana mbio zake ni kipande tu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Uasin Gishu, Kenya. Jioni, daftari zikishasahihishwa, natoka na saa yangu ya mbio kuwangoja watoto uwanjani. Wakiwa wananyoosha misuli huwa nawahadithia, na hadithi wanayoiomba irudiwe ni ya huyu Mjamaika.

Wint alizaliwa mwaka 1920. Mwaka 1938, hajafika hata miaka 20, alikwenda Panama kwenye Michezo ya Amerika ya Kati na Karibi, akarudi na dhahabu ya mita 800. Siku hizi kijana wa namna hiyo angeshaanza kupigiwa simu na mameneja. Yeye alipigiwa hodi na vita. Olimpiki ya 1940 haikufanyika, wala ya 1944. Yaani miaka ambayo mkimbiaji anakuwa na miguu yake bora kabisa, yeye hakuwa na pa kuikimbizia.

Alijiunga na Jeshi la Anga la Uingereza, pamoja na ndugu zake Lloyd na Douglas. Kabla ya vita, kanuni za jeshi hilo zilitaka ofisa awe mtu wa asili ya Ulaya tupu. Kanuni hiyo iliwekwa kando mwaka 1939, na sidhani ni haki iliyofungua mlango. Ni hofu ya kupungukiwa na watu. Wint akafundishwa urubani Kanada, na huko huko akaweka rekodi ya nchi hiyo ya mita 400. Mwaka 1944 alivishwa beji ya mabawa, akawa rubani wa ndege ya kivita ya Spitfire. Hapa wanafunzi wangu hucheka kila mara, kwa sababu Wint alikuwa mrefu wa futi sita na inchi nne na ushei, na chumba cha rubani cha ndege ile ni chembamba kama mtumbwi. Magoti aliyaweka wapi? Hunibana kwa swali hilo, nami sina jibu.

Mwaka 1947 aliacha jeshi, akaingia hospitali ya St Bartholomew's, London, kusomea udaktari. Mwaka uliofuata Olimpiki ikamfuata hapo hapo London. Katika fainali ya mita 400 macho yote yalikuwa kwa Mjamaika mwenzake, Herb McKenley, aliyeshikilia rekodi ya dunia. McKenley alichomoka kama anakimbizwa na nyuki. Wint akamwacha aende, kisha kwenye mita za mwisho akamfikia na kumpita: sekunde 46.2. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Jamaika kwenye Olimpiki, na kisiwa chenyewe bado koloni.

Siku chache baadaye, katika fainali ya kupokezana vijiti, msuli ulimkaza akiwa na kijiti mkononi, akaanguka. Jamaika haikumaliza. Miaka minne baadaye huko Helsinki aliianza mbio ile ile, akampa kijiti Leslie Laing, naye akampa McKenley, na George Rhoden akamaliza. Dakika 3 na sekunde 3.9, rekodi ya dunia. Wamarekani waliachwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Mita 800 hakuzipata. London na Helsinki, mara zote mbili alikuja wa pili nyuma ya Mal Whitfield wa Marekani. Huyo Whitfield naye alikuwa mtu wa jeshi la anga, mpiga bunduki wa mkia wa ndege katika vita vya Korea, na baadaye alikuja Afrika akafundisha riadha miaka mingi, ikiwemo hapa Kenya. Kwa hiyo, Mheshimiwa, habari hizi si za mbali na sisi kama zinavyoonekana.

Mwaka 1955 Wint alirudi kwao akiwa daktari, akaenda kuhudumia watu wa wilaya ya Hanover, mbali na mji mkuu, Kingston. Kuanzia 1974 hadi 1978 alikuwa balozi wa Jamaika mjini London, mji ule ule. Alifariki mwaka 1992.

Niseme kwa nini nasumbuka. Nilikuwa na kijana wa kidato cha tatu, mwepesi kuliko wote niliowahi kuwashikia saa. Meneja mmoja alimshawishi aache shule, akampeleka kwenye mbio za barabarani ng'ambo. Alirudi baada ya misimu miwili, goti limevimba, bila cheti wala akiba. Sasa anaendesha bodaboda, na tukikutana njiani hushusha macho. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu anaweza kuwa bingwa na bado akabaki na kazi nyingine ya kufanya duniani. Mimi nilimwambia, lakini mimi ni mwalimu tu.

Wewe unalijua hili. Uliogelea hadi ukafikisha medali saba, na huku ukisoma Chuo Kikuu cha Auburn. Ukilisema wewe, watakusikiliza.

Basi naomba kijitabu chepesi cha kurasa chache, chenye picha ya Wint ndani ya sare ya rubani na nyingine akiwa na koti la daktari, kigawiwe kwenye kijiji cha wanamichezo siku wanapopokea vitambulisho vyao. Kiwepo kwa Kifaransa, Kiwolofu, Kiarabu na Kiswahili. Cha Kiswahili nitakiandika mwenyewe bila malipo, na nitakimaliza likizo ya Agosti.

Wako,
Mwalimu wa riadha,
Uasin Gishu, Kenya