Tusiizike Mariners mwezi wa Aprili

Ndugu Mhariri,

Msimu wa besiboli ya Marekani bado mbichi, na tayari hukumu zimeshatolewa: timu hii imekwisha, ile ndiyo bingwa. Naomba nafasi niwajibu wanaohukumu mapema hivi, hasa mashabiki wenzangu wa Seattle Mariners, ambao timu ikifungwa mechi tatu mfululizo wanataka kocha aondoke.

Kila timu ina mechi 162, na hadi sasa hakuna iliyofika robo. Mrushaji wa kuanza mechi, yaani anayewarushia wapigaji mpira tangu mwanzo, hupata zamu mara moja katika kila siku tano au sita. Kwa wiki tatu, hizo ni mechi nne hivi, na siku moja mbaya inatosha kumharibia takwimu zote. Halafu kuna baridi. Aprili kule Chicago, Boston na Minneapolis hewa ni nzito, mpira hausafiri. Pigo ambalo Julai lingevuka uzio na kuleta pointi linadakwa.

Mwaka 2019 Washington Nationals walikuwa wameshinda mechi 19 na kupoteza 31, na mwaka huohuo wakatwaa World Series, fainali ya ubingwa. Mwaka 2023 Tampa Bay Rays walianza kwa kushinda mechi 13 bila kupoteza, lakini Oktoba, katika hatua ya mtoano, Texas Rangers wakawatoa raundi ya kwanza kwa mechi mbili tu. Pittsburgh Pirates mwaka huo walianza na ushindi mechi 20 kati ya 28, wakamaliza na ushindi 76 na hawakufuzu mtoano. Najua atatokea mtu wa kunikumbusha Detroit Tigers wa 1984, walioshinda 35 kati ya mechi 40 za kwanza na kubeba kombe. Ni kweli, lakini timu kama ile haitokei kila mwaka.

Jambo ninalotaka lisikike zaidi ni hili: kikosi cha Aprili sicho kitakachocheza Oktoba. Nusu fainali ya mwaka jana (2025) dhidi ya Toronto Blue Jays, mechi ya tano, ingi ya nane kati ya tisa, vituo vyote vimejaa wakimbiaji wetu, Eugenio Suárez wa Mariners aliuvusha mpira uzio na Seattle nzima ikasimama. Aprili ya mwaka huo Suárez alikuwa akichezea timu ya Arizona. Josh Naylor pia alikuwa Arizona. Wote wawili walikuja Julai, dirisha la kubadilishana wachezaji lilipokaribia kufungwa. Nani angewaona katika msimamo wa ligi wa Aprili?

Tulitolewa katika mechi ya saba ya nusu fainali hiyo. Tuliongoza 3-1 hadi ingi ya saba, George Springer wa Blue Jays akapiga mpira ukavuka uzio akiwa na wenzake wawili vituoni, tukalala 4-3. Mariners ndiyo timu pekee kati ya 30 ambayo haijawahi kucheza World Series, na sijawahi kuiona karibu nayo kama usiku ule. Ndiyo maana inaniuma kusikia watu wakiikatia tamaa wakati msimu ndio kwanza umeanza.

Sisemi mechi za sasa ni za bure. Mwaka jana New York Mets walimaliza na ushindi 83 sawa na Cincinnati Reds, wakakosa nafasi ya mwisho ya kufuzu kwa sababu Reds waliwazidi walipokutana. Mets hao Juni walikuwa na rekodi bora kuliko timu zote. Kila ushindi una uzito, hata wa Aprili. Ila ushindi wa wiki tatu hauwezi kukuambia timu ina nguvu kiasi gani.

Kufuzu mtoano kuna nafasi sita katika kila moja ya ligi mbili, ya Taifa na ya Amerika, na washindi wawili bora wa makundi huvuka raundi ya kwanza bila kucheza. Kwa maoni yangu Los Angeles Dodgers, mabingwa wa 2024 na 2025, watakuwemo upande wa Ligi ya Taifa. Upande wa Ligi ya Amerika nawataja Blue Jays na Mariners wangu. Cal Raleigh, mdakaji wetu (anayepokea mipira ya mrushaji) aliyevusha mpira uzio mara 60 mwaka jana, bado yupo, na warushaji wetu wakiwa wazima sioni wa kutuzuia kundi la Magharibi.

Ombi langu kwenu, Mhariri: wachambuzi wenu watuandikie zaidi habari za warushaji na majeruhi, na utabiri wa nani ataingia hatua ya mtoano usubiri angalau mwezi wa Juni.

Shabiki wa Mariners,
Tacoma, Washington